Bati la Herufi Tatu

Karakanani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na kama zimechelewa usiilaumu posta, nilaumu mimi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuacha, na lile jino lako umeshaling'oa badala ya kuendelea kulibembeleza. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamgomea asubuhi, halafu mchana yanasahau kama yaligoma. Na mimi sijambo, ukiondoa hili nitakalokueleza.

Barua yako niliipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Uliniuliza mambo matatu kuhusu Baba: je, anatambua watu, je, anasema, na je, anakuulizia. Ukasema ule mkataba wa miaka miwili ng'ambo uko mezani, lazima uutie sahihi kabla mwezi haujaisha, na kwamba kama Baba hakuulizii utasaini uende zako, kwa sababu hutaki kuja kukaa kama mgeni pembeni ya kitanda cha mtu asiyekuhitaji. Nilikupigia simu siku ile ile. Nikakujibu kwamba watu anawatambua, kusema hasemi, na tulipofika kwenye la tatu nikakuambia mtandao unasumbua, simu ikakatika. Mtandao haukuwa na neno. Nilikata mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, tena unanikatiza kwa maneno mazuri, nami nikizidiwa maneno hununa. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye kile kibanda cha kioo na kuwatafsiria wakubwa wakati hata hawajamaliza sentensi. Mimi nitakuweza wapi? Humu kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Kwanza hali ya Baba, usiendelee kusoma roho ikiwa juu. Ni wiki ya saba sasa tangu kiharusi kimpate. Mkono wa kulia bado umelala, mguu unaanza kutii. Kila Jumanne na Alhamisi anakuja mama mmoja wa mazoezi ya kusema, mwanamke mpole mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, anamfanyisha Baba kupuliza mashavu na kutamka silabi. Silabi hazitoki. Macho yake lakini ni yale yale, yanayoona herufi imepinda kabla hata rangi haijakauka. Namwogesha mimi, namlisha mimi, namnyoa mimi. Nimeona niliseme hili mapema.

Yule mama wa mazoezi alipoona karakana, alishauri tumpe Baba vitu alivyovipenda avishike, pengine maneno yatafuata mikono. Ndipo tukamhamishia kitanda huku mbele karakanani, akitazamana na ukuta wa misumari anapotundika mabati yake ya herufi. Sasa hapa itabidi nikusimulie mambo unayoyajua. Vumilia. Tulikulia karakana moja, lakini kila mtu na dirisha lake, na wewe hujawahi kuchungulia kwenye langu.

Unakumbuka sheria ya Baba, kwamba haandiki neno asilolijua maana. Mafundi wenzake wa vibao walikuwa wanakopi tu kama wanachora maua. Baba, mteja akimletea karatasi yenye CATERING au FREIGHT, brashi haigusi ubao mpaka mmoja wetu alete maana, ama kutoka kwa mteja mwenyewe, ama kutoka kwenye ile kamusi isiyo na jalada iliyoanzia herufi C. Maneno ya A na B tulikuwa tunayaombaomba mitaani kama chumvi. Na kwa kuwa kukata herufi moja moja kulimchosha, tena zikipangwa zinakaa upogo, akakata kwenye bati zile zinazopenda kufuatana. Bati la kwanza ING, la pili IGHT, la tatu ART. Analiweka ubaoni, anapaka rangi juu yake, herufi zinatoka zimenyooka, kisha zilizobaki anaziongeza kwa mkono. ART peke yake ilimwandikia MART, PARTS na QUARTERS nusu ya mji huu.

Jioni kazi ikiisha ndipo mchezo ulipoanza. Alikuwa anapiga bati moja kwenye kipande cha boksi, anaacha nafasi mbele na nyuma, anatupa kila mtu chake tukiwa kwenye zile stuli mbili. Tunajaza neno, tunaandika maana yake pembeni kwa Kiswahili, na lililo sahihi linaingia kwenye daftari kubwa. Alipenda kusema maneno ya bati moja ni watoto wa tumbo moja, wamechangia herufi lakini hawakuchangia tabia: CART ni mkokoteni, WART ni chunjua, EARTH ni hii ardhi, HEART ni moyo, na ukiwakutanisha njiani hawajuani.

Mimi IGHT niliimudu. STRAIGHT lilikuwa neno langu, nyoofu, ndiyo maana mkaniita Rula, na nilijifanya nalipenda jina hilo. Lakini kwenye ART nilikuwa na maneno tisa. Tisa, Kasuku, nawe ukawa na arobaini na moja! QUARTZ ulilisoma nyuma ya saa ya mteja aliyekuja kuulizia kibao cha bucha. PARTNER ulilidaka kwa mabwana wawili waliokuwa wanagombana hapo mlangoni, ukawaingilia ugomvi kuuliza maana, mmoja akakujibu ni mshirika, mwenzake akasema ni mwizi, na Baba akaandika zote mbili daftarini huku akicheka mpaka akakaa chini. Mimi sijawahi kumkalisha Baba chini kwa kicheko. Nilisimama pale na tambara langu mkononi, roho ikaniuma kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Tena nilikuonea wivu hata kwa adhabu. Unakumbuka ukiharibu herufi alivyokuwa anakufinya ndewe ya sikio kwa vidole vyake vyenye rangi, halafu anakupa tambara lenye tapentaini ufute kosa lako, basi yameisha. Ulikuwa unashinda na masikio ya kijani, ya bluu, ya njano. Watu mtaani walikuwa wanajua kazi tuliyonayo wiki hiyo kwa kuangalia masikio yako. Mimi sikuharibu herufi. Nilikuwa mtoto mwenye masikio masafi, na hakuna aliyewahi kunipongeza kwa hayo masikio. Siku moja nilipindisha R makusudi, Baba akaitazama, akainyoosha mwenyewe na kuniambia bila shaka nimechoka, nikapumzike. Nilienda nyuma ya pipa la maji nikalia.

Basi ikaja ile kazi ya jengo la ofisi, milango ishirini na miwili, kila mmoja uandikwe DEPARTMENT. Mtu wa kwenda na Baba alikuwa mmoja tu, kwa sababu nyuma ya baiskeli palikuwa pa mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe kumi na mmoja. Nilijua ni mimi, mkono wangu haukuwa unatetemeka. Akakuchagua wewe. Alimweleza Mama kwamba Rula tayari anaijua kazi, lakini Kasuku anaijua maana, na kwenye ofisi zile kutakuwa na maneno mapya kila mlango. Alisema akifunga kamba za mzigo, wala hakujua kwamba nipo nyuma ya mlango.

Asubuhi yake bati la ART halikuwepo kwenye msumari. Tulipekua karakana nzima, tukamwaga makopo, Mama akachungulia hadi kwenye sufuria. Mtu wa mwisho kuonekana nalo ulikuwa wewe, jioni yake, ukijaza neno lako la arobaini na moja. Uliapa kwamba ulilirudisha. Uliapa ukilia, ukanitazama mimi nikutetee, mimi nikaangalia chini kama anayesikitika. Baba akaenda peke yake, akaandika kwa mkono mtupu, haraka, milango kumi na mitano ya kwanza ikatoka kila mmoja na sura yake, msimamizi akasema saba iliyobaki ataitafutia fundi mwingine. Siku ile Baba hakufinya sikio la mtu, na hilo ndilo lililotutisha. Baada ya siku tatu akasema karakana haitoshi watoto wawili, na kwamba Shangazi ana nafasi na kwake shule ziko karibu.

Uliondoka Jumatatu na sanduku la bati, sikio moja bado lina bluu. Nami nikapata stuli zote mbili.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilidhani nimekuondoa kwenye maneno, kumbe nimekupeleka yaliko. Huko kwa Shangazi ukapata kamusi yenye A na B. Ukapata walimu, ukapata vyeti, ukapata kile kibanda cha kioo. Barua zako zilipokuwa zinakuja, Baba alikuwa anawasomea wateja. Mtu amekuja kuulizia kibao cha kinyozi, anasomewa kwanza jinsi Kasuku alivyotafsiri mkutano wa siku tatu bila kukosea. Mimi nikiwa juu ya ngazi nasikia, brashi mkononi, nyoofu. Mchezo wa jioni haukurudi tena. Niliwahi kumletea boksi nikampigia IGHT mwenyewe, akanishukuru, akaliweka pembeni, akawasha redio.

Na ule msumari wa tatu. Miaka ishirini na sita, mdogo wangu, hakutundika kitu pale. Nilijaribu kutundika mfuko wa brashi, kesho yake nikaukuta mezani. Nikatundika kalenda, nikaikuta mezani. Nami nikajitia hamnazo. Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, kazi ya mkono ikapungua, mabati ya herufi yakashika kutu, lakini msumari ule alikuwa anaupangusa.

Sasa tumekaribia la tatu. Siku ya tatu baada ya kumleta hapa mbele, Baba aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha kidole ukutani. Mama akaniuliza anataka nini. Mimi nilikuwa natazama kule kule, kidole kilikuwa kimenyooka kama kamba ya chaki ya kupigia mistari, kwenye msumari mtupu. Nikamwambia Mama anataka dirisha lifunguliwe. Tukafungua. Akaonyesha tena. Nikasema basi anataka lifungwe. Mwezi mzima, Kasuku, tumefungua na kufunga dirisha lile mpaka bawaba zimelegea, Baba akapata mafua, na Mama akawa anawaambia majirani kwamba mzee siku hizi hana msimamo na upepo.

Nilijua anachotaka. Bati lile lilikuwa lako. Nilijiambia hivi: mimi ndiye niliye hapa, mimi ndiye ninayempasulia tonge na kumgeuza asipate vidonda, halafu katika kila alichobakiza duniani, kidole kimoja, anakitumia kumwita asiyekuwepo. Wivu ulinikaba kwelikweli, nakuambia bila kupamba. Nilikuwa namfuta mdomo kwa upole na moyoni nimefura. Ndiyo maana ulipouliza, nikakata simu. Nilitaka usaini. Nilitaka uende huko ng'ambo miaka miwili, Baba abaki wangu hata kama ni nusu, hata kama ni bubu.

Alhamisi iliyopita mama wa mazoezi alikuja, nikampa Baba mabati ya ING na IGHT kama kawaida. Akayatupa chini. Akageuza uso ukutani, na mabega yakaanza kutikisika. Baba yetu analia! Wewe umewahi kumwona? Mimi sijawahi, hata siku ya msiba wa Babu. Yule mama alinivuta nje, akaniambia hajui mzee anachoomba ni nini, lakini amewaona wagonjwa wengi, na mtu akichoka kuomba, mara nyingi huchoka na mengine yote. Kama kuna mtu humu ndani anayejua, akasema, afanye haraka. Alinitazama kama vile anajua kila kitu, ingawa labda alikuwa ananitazama tu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nadhani walipitia sanduku langu. Nenda hadi chini kabisa, chini ya gauni la harusi yangu ambalo silivai wala silitupi, kuna tambara la kijani, na ndani ya tambara ndimo lilimo bati la ART. Nililitoa msumarini ile jioni mwenyewe, ulipotoka kwenda kunawa. Nimehama nalo nilipoolewa, nimerudi nalo ndoa iliponishinda. Sikuweza kulitupa, sikuweza kulirudisha. Miaka kadhaa nyuma, katika kamusi nzima yenye A na B, nililiona THWART. Maana yake kumkwamisha mwenzio asifike anakokwenda. Nilikaa chini. Ni neno la arobaini na mbili, Kasuku, wewe hukuwa nalo, na ndilo neno pekee nililokushinda.

Mama wa mazoezi alipoondoka, nilifungua kopo dogo la rangi nyekundu, nikalitoa bati sandukuni na tambara lake, nikaviweka mapajani kwa Baba. Nikapiga magoti. Nikasema ni mimi, wala si Kasuku, ni mimi nililichukua, na nilikuwa nyuma ya mlango siku ile nikayasikia. Mama alikuwa mlangoni na bakuli, hakuna aliyemwambia aondoke.

Baba alilishika bati muda mrefu. Alipitisha kidole gumba kwenye A, kwenye R, kwenye T, akaondoa vumbi la kutu. Kisha akachovya vidole vya kushoto kwenye kifuniko cha rangi, taratibu, akaniinamia, akanifinya ndewe ya sikio. Alifinya barabara, kama fundi anayemfinya mwanafunzi. Halafu akalisogeza tambara kwangu.

Sijui nikuambie nini kuhusu kilio changu, Mama atakusimulia, atatia na chumvi. Hakushangaa, Kasuku. Katika uso ule hapakuwa na habari mpya. Nadhani alikuwa anajua kwa miaka yote hiyo, na ule msumari aliuacha wazi akinisubiri mimi.

Tulipotulia akaonyesha boksi. Nikamkatia vipande viwili, nikamshikia bati, akapiga rangi kwa mkono wa kushoto, ART, na ART, nafasi mbele na nafasi nyuma. Ya kwanza imetoka imechafuka kidogo, ya pili safi. Ile iliyochafuka akanipa mimi. Safi akaiweka juu ya stuli yako, akanitazama, akaonyesha mlango. Akaonyesha tena. Mama safari hii hakuuliza habari za dirisha.

Kwa hiyo jibu la swali la tatu ni ndiyo. Anakuulizia. Amekuulizia kila siku kwa wiki zote hizo, na aliyekunyima habari ni mimi, kama nilivyokunyima nafasi ya nyuma ya baiskeli. Ukiamua kusaini, utasaini ukijua. Ukiamua kutonisemesha, utakuwa na haki. Lakini kwanza njoo. Boksi lako nimelifunga humu ndani, usilikunje. Hajakujazia, wala mimi sijaligusa. La kwangu nimeshalijaza, Baba amelitazama na kutikisa kichwa kukubali, na limetundikwa ukutani, kwenye msumari wa tatu, juu ya bati. Sikuambii nimeandika nini, maana hata sasa sitaki uniige. Njoo ulisome.

Usidhani wivu umeniisha kwa sababu nimelia. Ukifika usianze kumsomea magazeti na kumchekesha kabla sijamaliza kumlisha, chakula kitampalia. Kulala, utalala kitanda kimoja na Mama. Na ukimkalisha Baba chini kwa kicheko nitatoka nje kidogo, nitarudi, usinifuate.

Mama anakusalimu sana, anasema uje na mafuta ya magoti. Mama wa mazoezi, ambaye hakujui, anakusalimu pia. Baba hasemi, lakini alipoona naandika alinyoosha kidole kwenye bahasha, na safari hii nimetafsiri sawasawa. Nisalimie wote wa huko wanaokutendea wema kuliko nilivyokutendea mimi. Jibu upesi, au usijibu, panda basi tu.

Ni mimi dada yako,

Rula
mwenye sikio jekundu, ambalo leo ni siku ya tatu sijalifuta.